Ufa Kwenye Bamba la Mjomba

Ukuta ulipolia, Mwavita alikuwa na tonge la ugali mkononi, na tonge lile hakulila tena.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu mzito anayejigeuza kitandani. Lakini watu wote wa Mtaa wa Nne walinyamaza papo hapo, kwa sababu anayeishi chini ya ziwa hujifunza mapema kupambanua chuma kinachojinyoosha na chuma kinachokata tamaa. Kisha mlango mkubwa wa mtaa ukajifunga wenyewe kwa kishindo, na taa nyekundu ikawaka juu yake. Hapo ndipo watoto walipoanza kulia, na baadhi ya wakubwa nao wakalia bila kuwaonea haya watoto.

Mji ule ulikuwa na jina lake rasmi, Makazi ya Kina, lakini wenyewe waliuita Chini kwa Chini, kwa utani, kana kwamba wote walikuwa wafanya magendo. Ulikaa kwenye sakafu ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo maji yana uzito wa kumbana mtu akawa mwembamba kuliko dagaa mkavu. Mlango wa mtaa ukijifunga haufunguki mpaka ukuta upone; ndivyo ulivyotengenezwa, ili mtaa mmoja ukifa usiuue mji mzima. Kila mtu aliujua utaratibu huo na kila mtu aliusifu, alimradi yuko upande wa nje.

Mwavita alikuwa upande wa ndani, na katika watu wote waliofungiwa humo, fundi wa kuchomelea alikuwa yeye peke yake. Alilijua hilo kabla hawajaanza kumtazama. Kisha wakaanza kumtazama.

"Jamani, msinitazame hivyo," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba, si ya kwake.

Simu ya ukutani ikaita. Alikuwa Injinia Gwasa, mkuu wa matengenezo, mama mwenye sauti ya upole.

"Mwavita, uko salama?"

"Niko hai, Injinia."

"Sikiliza, mama. Ganda la nje limebonyea upande wenu. Bado linazuia maji, ila limechoka. Likiachia, kitakachobaki kati yenu na ziwa ni ganda la ndani tu. Hebu nitazamie kama lina ufa. Likiwa zima, mtapona. Likiwa na ufa..."

"Nitauziba," Mwavita akamkatiza, maana hakutaka kuisikia sentensi ile ikimalizika.

Alichukua taa, akaanza kutembea kando ya ukuta huku akiupapasa kwa kiganja. Ukuta ulikuwa wa mabamba ya chuma yaliyoungwa bega kwa bega, na kila bamba lilikuwa na mtu ndani yake. Alipopita, walimnong'oneza.

"Mjukuu wangu, mbona watoto wanalia?"

"Si kitu, bibi. Tulia."

"Mwavita, hebu niambie kweli. Ni maji?"

"Bado, mwalimu. Bado."

Hata wafu walikuwa wakiogopa, na hilo lilimtisha kuliko yote. Mtu akishakufa mara moja, ungedhani ameshamaliza kuogopa.

Ufa aliukuta karibu na mwisho wa ukuta, mwembamba kama unywele, ukianzia kwenye kona ya chini ya bamba na kupanda kuelekea katikati. Aliinua taa asome jina, ingawa hakuwa na haja. Bamba lile alilisalimia kila asubuhi akienda kazini. Liliandikwa KASHINDI, FUNDI.

"Shikamoo, mjomba," alisema.

"Marahaba, mpwa wangu," bamba likaitikia. "Nauhisi. Uko ubavuni mwangu, sivyo?"

*

Waanzilishi wa mji, walipokosa nafasi ya makaburi na nafasi ya kila kitu kingine, waligundua kwamba chuma cha maganda yao kina tabia ya ajabu. Ukikipitishia sumaku kwa ustadi kinashika alama, na alama zikiwa nyingi vya kutosha zinakuwa mtu. Si picha ya mtu wala sauti iliyonaswa. Mtu kamili, anayekuuliza umekula nini na anayekumbuka siku ulipomvunjia sahani. Basi waliokufa wakawekwa ukutani, wakawazuilia maji walio hai. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini wahenga waliosema hivyo wao wenyewe hawakuwamo ndani ya ukuta.

Adui wa watu hao ni joto. Bamba likipashwa moto linageuka rangi: kwanza manjano ya majani makavu, kisha zambarau, kisha bluu. Penye manjano mtu husahau kidogo, kama aliyeamshwa usingizini. Penye bluu hakuna mtu tena. Kwa hiyo hakuna fundi anayewasha moto kwenye bamba bila kupiga hodi, na hodi ni tatu, kama mlangoni kwa watu. Mwenye bamba akisema karibu, kidude kilichopachikwa pembeni mwa bamba, ambacho watu wanakiita sikio, huwasha taa ya kijani na mashine inakubali kutoa moto. Asipoitikia hodi ya tatu, unarudi ulikotoka kama arudivyo mgeni mwenye adabu. Na karibu moja ni ya moto mmoja. Ukizima, unapiga hodi upya.

Mwavita alipiga magoti mbele ya bamba la mjomba wake, akafungua sanduku la sindano. Mafundi waliziita sindano zile fito fupi za madini ya tungsteni zinazokaa kwenye mdomo wa tochi ya kuchomelea, ambako moto unatokea. Zenyewe haziyeyuki, au hazitakiwi kuyeyuka. Kazi yao ni kuyeyusha wengine. Nyembamba zilikuwa na utepe wa kijivu mkiani, na hizo huwaka kwa moto mdogo bila kuyumba. Nene zilikuwa na utepe wa dhahabu, na hizo hubeba moto mkubwa. Zenye utepe mwekundu zilikwisha kupigwa marufuku zamani. Vumbi la hizo, alilolivuta miaka nenda miaka rudi akizinoa, ndilo lililoyala mapafu ya mjomba Kashindi na kumpeleka ukutani.

"Injinia," aliita kwenye simu, "bamba lina unene gani?"

"Michoro inasema milimita nne. Lakini hapo mabamba yalibadilishwa kipindi kile vifaa vilipoadimika, na wakati mwingine walipachika membamba. Aliyeyabadilisha ni Kashindi mwenyewe. Muulize."

Kila milimita ya chuma hudai ampea arobaini. Mwavita alifundishwa hilo na mjomba wake kabla hajafundishwa na mama yake kujifunga kanga. Bamba likiwa la mbili, ampea themanini zingetosha, kwa sindano nyembamba, na manjano yangekaa kandokando tu ya mshono. Mjomba angesahau majina mawili matatu na maisha yangeendelea. Likiwa la nne, zingetakiwa mia na sitini, na zaidi ya hapo, kwa kuwa baridi ya ziwa nyuma ya ukuta hunywa joto kama mtu aliyetoka jangwani. Hiyo ni sindano nene, na bluu kutoka kona hadi kona.

Aliogopa kuuliza.

"Mjomba, bamba lako ni la milimita ngapi?"



"Mbili," mjomba akasema.

Mwavita alishusha pumzi mpaka akaona kizunguzungu. "Una hakika, mjomba?"

"Nani alilipachika? Wewe?" Kilikuwa kile kile kicheko chake cha puani. "Chukua ya kijivu. Inoe kwa urefu, ncha iwe ndefu kama ya penseli. Themanini, isizidi. Na acha kutetemeka, mtoto wa dada, hujakamatwa na polisi."

"Hodi, mjomba."

"Karibu."

Hakusubiri hata hodi ya pili. Taa ya sikio ikawa ya kijani, na Mwavita akashusha barakoa usoni.

*

Moto mdogo ni moto mzuri kuutazama. Ulitulia kwenye ncha ya sindano, mweupe na mkali, na gesi ya agoni ikapuliza taratibu kuuzuia usiguswe na hewa. Chini yake chuma kililainika kikawa dimbwi dogo linalong'aa, na Mwavita akaanza kulilisha waya wa kujazia, tone baada ya tone, akisogea kuufuata ufa.

Nyuma yake watu walikuwa wamejibana kwenye pembe ya mbali. Feza, binti yake mjomba Kashindi, alikuwa amewakusanya watoto na kuwaimbia, na kila baada ya ubeti alikohoa, maana alikuwa na mafua ya juma zima. Mwavita alishikilia kikohozi kile kama mtu anayeshika ukingo wa ngazi gizani.

Alipofika robo ya ufa alianza kuona jambo asilolipenda. Dimbwi halikuzama. Chuma kilichoyeyuka kilikaa juu ya bamba kama uji uliomwagika mezani, kikiwa na kingo za mviringo, hakitaki kuingia. Akajiambia ni baridi. Akajiambia ni mkono wake unaotetemeka. Kila mwanafunzi wa Kashindi alijua sura ya moto usiotosha, lakini Kashindi mwenyewe ndiye aliyesema themanini, na Mwavita hakuwahi kumsikia mjomba wake akisema uongo hata kwa mtoza ushuru.

Kisha ukuta ukalia mara ya pili.

Safari hii kulikuwa na mlio mkali katikati yake, mfano wa mfupa unaovunjika. Mshono aliokwisha kuushona ukabanduka kama gamba la kidonda, na ufa ukaruka mbele yake, ukapita katikati ya bamba, ukasimama shibiri moja tu kabla ya ukingo wa juu. Mwavita alianguka nyuma kwa makalio na tochi ikazimika. Mtu fulani alipiga yowe kisha akajiziba mdomo.

"Mwavita!" Feza aliita kutoka mbali. "Kuna nini?"

"Kaa huko na watoto!" alijibu.

Ufa sasa ulikuwa umefunguka kiasi cha kupitisha waya. Alikunja ncha ya waya wa kujazia ikawa ndoana, akaiingiza ndani, akavuta mpaka ndoana ikashika upande wa nyuma wa bamba. Akaweka ukucha wa kidole gumba pale waya ulipotokea kwenye uso wa chuma, akauchomoa, akaulinganisha na rula.

Ilikuwa nne kamili.

*

"Mjomba," alisema. Alikuwa amelaza shavu kwenye bamba, kwa sababu walio ukutani wakishusha sauti huwasikii mpaka uwakaribie hivyo. "Ni nne."

Akalikandamiza shavu kwenye chuma.

"Mjomba!"

"Nimesikia."

"Ulinidanganya. Wewe?"

"Naogopa, Mwavita."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo kabisa, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake yote mawili. Mwavita alitaka kukasirika na hasira ikaja, lakini ilikuja imeshikana mkono na huruma.

"Nilipokufa kule kwanza sikuogopa hivi," mjomba akaendelea. "Nilijua nakuja hapa. Nilijua mtapita asubuhi mnisalimie. Sasa hakuna pa kwenda. Nikijaribu kupawaza, ni kama kuweka mguu kwenye ngazi isiyokuwepo."

"Feza yumo humu ndani. Mwanao."

"Najua. Nimekisikia kikohozi chake tangu mlango ulipojifunga."

Mwavita aliinua shavu lake kutoka kwenye chuma kana kwamba kimemuunguza. Alijua. Alijua, na bado akasema mbili.

"Nilijiambia themanini zitashika," mjomba akasema, kama aliyemwona usoni. "Mtu mwenye hofu hujiambia mengi. Sikiliza, weka mia na ishirini. Huenda ukashika. Huenda nikabaki kidogo."

Mwavita akalipima wazo hilo, maana lilimvutia, na alijichukia kwa jinsi lilivyomvutia. Mia na ishirini ingefika katikati ya unene wa chuma na kuishia hapo. Mjomba angebaki nusu, labda anayejua jina lake lakini hajui jina la mtu mwingine yeyote, akipayuka usiku na mchana ndani ya ukuta. Na mshono ungekuwa nusu. Ziwa halijui habari ya nusu.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Lakini pale kilio kilikuwa kinangoja kote kuwili.

"Mjomba, napiga hodi."

"Usipige!" Sauti ilipasuka, kisha ikashuka tena. "Nakuomba, mpwa wangu, usiniulize. Ukiniuliza nitakataa. Najijua. Nitakataa hodi zote tatu, na wewe utarudi nyuma, kwa kuwa nilikulea vizuri."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Nimekwambia usiniulize."

Alitambaa hadi kwenye simu. Maneno yakamtoka vipande vipande: nne, si mbili, hataki, mashine haitawaka bila karibu. Kule upande wa pili Injinia Gwasa alivuta pumzi ndefu.

"Kwenye sanduku la dharura," alisema mwishowe, "kuna mashine ya zamani. Haijaunganishwa na sikio. Haijiwashi yenyewe, unaikwangua sindano kwenye chuma kama kiberiti."

"Unaniambia niitumie?"

"Mama yangu yuko ukutani Mtaa wa Kwanza, Mwavita. Siwezi kukuambia uitumie. Na nikikuambia usiitumie, nitakuwa nimewaua." Sasa alikuwa analia waziwazi. "Nimekuambia ilipo tu."

Mwavita aliweka simu. Akageuka kumtazama Feza, ambaye alikuwa amempakata mtoto wa jirani na kuendelea na wimbo ule ule, akitabasamu kwa midomo tu. Hatua chache zingemfikisha kwake. Angeweza kumwambia: baba yako anaogopa, tufanyeje, ndugu yangu? Akajiambia kwamba kumwuliza ni kumtwisha mzigo usiobebeka. Akajiambia hakuna muda. Yote mawili yalikuwa kweli, na nyuma yake kulikuwa na kweli ya tatu, kwamba aliogopa jibu.

Akapiga moyo konde, akaenda kwenye sanduku la dharura.

*

Sindano ya utepe wa dhahabu aliinoa kwa urefu, mistari ya grenda, mashine ya kunolea, ikielekea kwenye ncha ili moto usitangetange. Ncha aliifanya fupi na butu kidogo, kwa sababu ncha ndefu hutawanya moto na ncha fupi huuzamisha. Mkono wake ulifanya kazi hiyo wenyewe huku akili ikikimbia huku na huko. Alifunga waya wa mashine, akazungusha kitasa mpaka mia na themanini, mia na sitini za chuma na ishirini za baridi ya ziwa. Kisha akaparua mabaki ya mshono wa kwanza na kuupanua mdomo wa ufa kwa grenda. Mjomba aliguna tu.

Taa ya sikio ilikuwa nyekundu. Mwavita alikwangua.

Moto huu haukuwa mzuri kuutazama. Ulinguruma. Dimbwi lilifunguka mara moja, likazama, na kwenye ukingo wake wa mbele likatokea tundu dogo, dalili kwamba chuma kimeyeyuka hadi nyuma. Ndivyo inavyotakiwa. Mwavita alisogea juu, waya mkononi, na nyuma ya dimbwi rangi zikaanza kutembea kwenye bamba. Manjano yakatangulia, zambarau ikayafuata, na bluu ikaja nyuma bila haraka.

"Usikimbie," mjomba akasema. "Ukikimbia utaacha matundu."

"Sikimbii, mjomba."

"Vizuri. Ile tupa yangu ndogo iko wapi? Ile ya... ile ya kunolea."

"Iko nyumbani. Nimeitunza."

Bluu ikafika kwenye herufi ya kwanza ya jina lake. Ndani ya barakoa Mwavita alikuwa analia, na machozi yalikuwa hatari, kwa kuwa asingeweza kuyafuta; akawa anakodoa macho na kuyaacha yashuke shingoni.

"Sikujua," mjomba akaita. Lilikuwa jina la mama yake Mwavita. "Dada Sikujua, mbuzi wameshafungwa? Mvua hiyo inakuja."

"Wameshafungwa," Mwavita alijibu.

"Na yule mweupe?"

"Na yule mweupe."

Ukuta ukalia tena, kwa mbali, kwenye ganda la nje. Alitaka kukimbia. Mwili mzima ulitaka kukimbia, na hapakuwa na pa kukimbilia, kwa hiyo mkono ukaendelea. Nusu ya bamba ilikuwa bluu. Robo tatu.

"Nani huyo?" sauti ikauliza.

"Ni mimi, mjomba. Mwavita."

"Mwavita wa wapi?"

Akalilisha dimbwi tone jingine.

"Aa, ni mgeni," ikasema sauti ile, na haikuwa na hofu yoyote tena, ilikuwa changamfu kabisa, sauti ya mtu aliyelelewa kwa adabu ambaye kila kingine kimemtoka. "Karibu, mgeni. Karibu ndani, usisimame mlangoni."

Taa ya sikio ikawa ya kijani. Sikio lilisikia neno. Halikuwa na njia ya kujua kama aliyelisema bado ndiye mwenye nyumba. Mwavita aliitazama taa ile kwa pembe ya jicho. Kisha akarudisha macho kwenye dimbwi na kumalizia kipande cha ufa kilichobaki, na hakuna aliyesema tena lolote.

*

Ganda la nje liliachia alipokuwa bado ameshika tochi ya moto.

Lilikuwa pigo moja, na sakafu ikaruka. Vyombo vya chakula cha mchana vilimwagika, taa zikazimika na kuwaka, na watu wakalala kifudifudi wakiita kila jina wanalolijua la Mungu. Mwavita alijikunyata chini ya bamba, mikono kichwani, akingoja maji. Ukuta ulivuta, ukalalama kutoka mwanzo mpaka mwisho, bamba kwa bamba, na wafu wote waliomo wakapiga kelele kwa pamoja. Bamba moja tu lilikaa kimya.

Maji hayakuja. Alipofumbua macho, mshono ulikuwa pale pale, wa kijivu na mbaya kuutazama, umekauka kabisa. Juu ya mlango mkubwa taa nyekundu ikazimika, na mlango ukaanza kufunguka.

Watu walitoka mbio bila kuaga. Wengine walimkumbatia wakipita, wakamwachia makamasi begani, wakamwita mwokozi, na yeye akawaitikia kwa kichwa. Mtaa ulipobaki mtupu, Feza alikuja polepole na kusimama mbele ya bamba la bluu. Aliitazama kwa muda mrefu taa ya sikio.

"Ni ya kijani," alisema. "Baba alikukaribisha."

Halikuwa swali. Jibu lilikuwa limeshaandaliwa na kuwekwa mezani, na Mwavita alichotakiwa ni kuitikia tu. Baraza la mji lingesikiliza sikio, lingesikia neno, lingemwombea marehemu na kumpa fundi mapumziko. Feza angelala usiku akijua kwamba baba yake alijitoa kwa ajili yake. Kulikuwa na wema mkubwa katika uongo ule, na Mwavita aliuona wote.

"Hapana," alisema. "Neno lilitoka wakati mwenyewe hayupo tena. Niliingia bila kukaribishwa."

Feza hakugeuka. "Alikataa?"

"Aliniomba nisimuulize. Alisema nikimuuliza atakataa. Alikuwa anaogopa, Feza."

Feza aliweka sikio lake kwenye chuma, ambacho bado kilikuwa na joto. "Shikamoo, baba," akasema, akangoja kama mtu anavyongoja mlango ufunguliwe. Akasema tena. Mwavita alisimama nyuma yake na glavu zake mkononi, asijue aziweke wapi.

"Aliponiomba hivyo ningefanya nini?" alisema, na alisikia mwenyewe jinsi alivyokuwa anajitetea. "Aliniomba, ndugu yangu. Nisimuulize."

Feza aliinuka. Shavu lake lilikuwa na alama nyekundu ya joto.

"Yeye alikuomba," akasema. "Na mimi, Mwavita? Nilikuwa pale, unaniona, naimbia watoto. Mimi nani alikuomba usiniulize?"